Magoti yanauma, baskeli nzito na ngazi ndefu: ninunue nyengine nyepesi?

Suali: Assalaam alaykum. Mie ni mwalimu mstaafu, umri wangu miaka 68, uzito kilo 74, nakaa nyumba za maendeleo Mtemani, Wete, Pemba, ghorofa ya pili. Nina baskeli yangu aina ya Phoenix ya siku nyingi, nimeipima kwenye mizani ya karafuu ikaja kilo 22. Asubuhi natoka nayo kwenda shamba njia ya Gando, magharibi naipandisha juu begani kwa sababu chini watu wameshaibiwa. Sasa magoti yananiuma, khasa la kulia, mbele pale kwenye pia ya goti, na nikikaa attahiyatu kwenye sala kuinuka ni tabu. Mwanangu aliyeko Unguja anataka kuniletea baskeli nyepesi ya aluminiamu, mtumba. Mama watoto anasema niache baskeli kabisa nipande gari. Nimsikilize nani?

Jibu: Wa alaykum salaam Maalim, na shkamoo. Kazi yangu mie ni fiziotherapia, yaani natibu viungo kwa mazoezi, na baskeli nazijua kwa kuwa nimekulia kwenye kibanda cha fundi, kwa hivyo suali lako limenifika pande zote mbili na ntakujibu kwa urefu, naomba unistahamilie.

Nianze na jibu lenyewe. Baskeli usiache, na nyengine usinunue bado. Kwa ulivyonieleza, baskeli yako haikuumizi sana ukiwa juu yake, inakuumiza ikiwa juu yako. Kilo 22 ukiwa barabarani zinabebwa na magurudumu mawili, kilo hizo hizo ukiwa kwenye ngazi zinabebwa na goti moja kwa zamu, na goti hilo tayari lina miaka 68.

Hebu nikupe hesabu yake, wewe mwalimu hesabu hazikusumbui. Mtu akipanda ngazi, goti lake linapokea mzigo wa kiasi cha mara 3 ya uzito wa mwili wake, na akishuka unazidi kidogo, ndo maana wengi wenye magoti mabovu wanakwambia kushuka kunauma kuliko kupanda. Akiendesha baskeli taratibu sehemu ya tambarare mzigo huo unakuwa kama uzito wa mwili mara 1 na kitu tu, kwa sababu matako yamekaa kwenye siti na mwili umeshabebwa. Sasa wewe una kilo 74, ukitia begani 22 umekuwa mtu wa kilo 96, na kila daraja la ngazi unaloweka mguu zile kilo 22 za ziada goti linaziona kama 60 na zaidi. Ghorofa mbili za kupanda magharibi, ghorofa mbili za kushuka asubuhi, kila siku, na mkono mmoja umeshika baskeli kwa hivyo huna wa kushika ukuta wala chuma cha pembeni. Mie hapo siogopi goti tu, naogopa kuanguka. Mzee akiteleza kwenye ngazi na baskeli juu yake akavunjika nyonga, hiyo habari nyengine kabisa, na nimeshawapokea wagonjwa wa namna hiyo, kupona kwao kunachukua muda mrefu na wapo ambao hawarudi kutembea kama zamani.

Kwa hivyo jambo la kwanza, na hili lifanye wiki hii hii kabla ya kuongea habari ya kununua, tafuta pa kuilaza baskeli chini. Najua utasema nshakwambia chini wanaiba. Ndio, lakini wanaoibiwa chini wengi wameiegesha tu, au wamefunga kufuli kwenye gurudumu la mbele peke yake, na gurudumu hilo mwizi analifungua nati mbili anakuachia na kufuli lako. Baskeli inafungwa fremu na gurudumu la nyuma pamoja, kwa mnyororo mnene, kwenye kitu kisichong'oka. Kama chini ya ngazi hamna kitu cha kufungia, mwite fundi wa kuchomea akutengenezee pete ya nondo nene, ichimbiwe kwenye sakafu au ukutani kwa saruji, iachwe ikauke vizuri siku kadhaa ndo itumike. Lakini hizo nyumba ni za watu wengi na pale chini ya ngazi ni pa wote, kwa hivyo zungumza na wenzako wa jengo kwanza, na ukiweza mpitie na sheha, kiongozi wa mtaa, ajue, isije ikawa pete imeshakauka ndo anatokea mtu anasema hapa pangu. Na baskeli isizibe njia, watu wapate kupita usiku umeme ukizimika.

Njia nyengine ambayo mie naipenda zaidi kwa watu wazima ni jirani wa chini. Mtu wa ghorofa ya chini mwenye ukumbi, au mwenye duka pale karibu anayefunga usiku, mwambie baskeli yangu ilale kwako, mimi nakuletea ndizi au muhogo nikitoka shamba. Wapemba hatunyimani hilo, na wewe ni mwalimu, hapo Wete nusu ya mji umeisomesha, sidhani utakosa mtu. Wazee wengi hili linawaelemea kuliko goti lenyewe, kuomba, mtu anaona bora aibebe mwenyewe kuliko kumuomba aliyekuwa mwanafunzi wake. Maalim, omba. Huyo mwanafunzi atafurahi.

Na ikishindikana yote hayo ikawa lazima ipande juu, basi isipande begani. Seremala akutilie ubao pembeni mwa ngazi, wenye kingo mbili ndogo kama mfereji, gurudumu linapita humo, wewe unatembea pembeni unaisukuma na mkono mwengine umeshika chuma. Bado kazi ipo lakini uzito mkubwa unalala kwenye ubao. Kushuka shika breki ya nyuma kidogo kidogo. Na pakacha la shamba lishushe kwanza, lipande safari yake peke yake, au mpe kijana. Kuna watu wanatundika baskeli ukutani kwa ndoano ili isile nafasi ndani, kwako sikushauri, kunyanyua kilo 22 juu ya kichwa utaponya magoti uharibu mabega.

Sasa tuje kwenye goti lenyewe. Umesema linauma mbele, kwenye pia ya goti. Nina suali kwako na nadhani jibu nalijua: ukikaa kwenye siti, miguu yote miwili inafika chini bapa? Wazee wengi wakishaanza kuogopa kuanguka wanashusha siti, wakajihisi wamesalimika, lakini siti ikiwa chini goti linakunjika mno kila pedeli inapokuja juu, na pale linapokunjwa sana huku linasukuma ndipo pia ya goti inapokandamizwa kwenye mfupa wa paja. Maumivu ya mbele ya goti kwa mwendesha baskeli, mahala pa kwanza pa kutizama ni hapo. Yakiwa nyuma ya goti mara nyingi ni kinyume chake, siti ipo juu mno unajivuta.

Kipimo chake ni rahisi. Viatu vyako vya kawaida vya shamba, mtu akushikie baskeli au jiegemeze ukutani, kaa kwenye siti, kisha weka kisigino, sio vidole, kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unatakiwa unyooke, na kiuno kisilale upande. Ukisharudisha mguu ukakanyagia ile sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndo sawa. Kama siti yako ipo chini ya hapo, usiipandishe yote kwa mara moja, pandisha upana wa kidole, endesha siku tatu nne, pandisha tena. Mwili wa mtu mzima hautaki kustushwa. Paipu ya siti ina alama ya mwisho, usiivuke, na kama imegandana na fremu kwa kutu usiigonge nyundo, mpelekee fundi aitie mafuta ailaze.

Ukishapandisha siti utaniambia sasa nikisimama miguu haifiki. Kweli. Kusimama unateremka siti kabisa, unatanguliza mguu mmoja chini mbele ya siti, hujikalii pale juu. Na hapa ndo linakuja lile fremu lenye paipu ya juu, hilo la kiume. Nawaona wazee wa umri wako wanavyopanda: anashika kanzu kwa mkono mmoja, mguu anaupitisha nyuma juu ya keria, pakacha lipo hapo hapo, kanzu inanasa kwenye ncha ya siti, baskeli inayumba na yeye mguu mmoja upo hewani. Nyonga ikiwa ngumu kila upandaji ni hatari. Fremu la kushuka chini, tunaloliita la kike, unapitisha mguu mbele kama unaingia mlangoni, kanzu imetulia, ukitaka kusimama unasimama. Kwa mtu mwenye miaka 68 na goti bovu mie naona hilo fremu lina faida kuliko kupungua kilo 5. Watu watasema Maalim kapanda baskeli ya mkewe. Waache waseme, huko nje Wazungu na Wajapani wanaume kwa wanawake wanayapanda hayo hayo na hakuna anayeuliza.

Halafu kuna nguvu unayosukumia. Phoenix haina gia za kubadilisha, gia ni moja, ile aliyokupa kiwanda. Kwa kawaida mbele huwa na meno 44 mpaka 48 na friwili, yaani kile kigurudumu cha meno cha nyuma kinachovutwa na cheni, 18 au 20, kwa hivyo ukiwa na 48 na 18, kila ukizungusha pedeli mara moja baskeli inakwenda karibu mita 6. Unguja kwa sehemu kubwa tambarare, hilo halina neno. Lakini Pemba yetu ni ya vilima na mabonde, unatoka kwenye kilima unatumbukia bondeni kwenye mpunga unapanda tena, na hapo gia hiyo ni nzito kwa goti la mzee. Tafuta friwili ya meno 22. Ukitoka 18 kwenda 22 nguvu ya kusukuma pedeli inapungua karibu asilimia 18, mita zile 6 zinakuwa 5 kasoro kidogo, utazungusha miguu mara nyingi zaidi na utafika ukiwa umechelewa dakika chache, basi.

Linganisha na hiyo baskeli ya mwanao. Wewe na Phoenix ni kilo 96. Wewe na baskeli ya kilo 13 ni 87. Umepunguza 9, ambayo kwenye kilima ni kama asilimia 9 ya nguvu, na kwenye tambarare haifiki hata hapo maana pale unapigana na upepo na matairi zaidi kuliko uzito. Yaani friwili moja, kitu cha kubeba kiganjani na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na baskeli nzima, inalipumzisha goti lako kwenye mlima mara mbili ya baskeli mpya. Si kama nampinga mwanao, nia yake ni njema na Mungu amlipe, lakini pesa zianze hapa.

Fundi mwambie mambo mawili akishabadilisha. Friwili ikiwa kubwa cheni itakuwa fupi, pengine aongeze kipande. Na gurudumu likisogea mbele au nyuma zile breki za fimbo za Phoenix hazikai tena kwenye rimu vile vile, azipange upya, asikuachie hivo hivo uende ukagundue kwenye mteremko wa bandarini.

Kabla hata ya friwili, tizama upepo wa matairi. Kwenye tambarare tairi laini linakula nguvu kuliko hizo kilo 9 tunazozigombania, na wazee wengi wanalipenda laini kwa sababu linapunguza mtikisiko. Ubavuni mwa tairi pameandikwa kiasi cha upepo, soma, jaza karibu na hapo, na upime kila wiki maana tyubu zinapoteza upepo zenyewe. Na cheni. Sisi tumezungukwa na bahari, chumvi ipo hewani, cheni kavu yenye kutu utaisikia inalia kabla hujaiona. Ioshe kwa mafuta ya taa, ifute, iache ikauke, kisha itie oili kidogo ya mashine na ufute inayozidi. Mafuta ya taa yanasafisha tu, hayalainishi, na mafuta ya kupikia usitie kabisa, yanaganda yanaokota mchanga. Baskeli ikilala chini uifunike na kitambaa, shuka kuukuu, sio nailoni, nailoni inazuia unyevu ndani na masika utakuta spoki zote zimeshika kutu.

Haya, tufike kwenye kununua. Fanya hayo yote, siti, friwili, matairi, pa kulaza, kisha jipe mwezi mmoja na nusu au miwili. Kama goti limetulia na unapanda njia ya Gando bila tabu, kaa na Phoenix yako. Chuma chake kikivunjika mchomeaji yoyote hapo Wete atakiunga, na vipuri vyake vimejaa madukani. Ipo sababu moja ambayo ingenifanya mie nikubali ubadilishe hata kama goti limepona, nayo ni breki. Mpira wa breki kwenye rimu ya chuma inayong'aa, ikinyesha, haushiki vizuri, unakamata breki na baskeli inaendelea na safari yake. Kwa mtu anayeshuka vilima vya Pemba wakati wa masika hilo si dogo. Rimu za aluminiamu zinashika maji yakiwepo zaidi kuliko za chuma.

Mwanao akishaamua, mtumie maneno haya. Asinunue kwa macho wala kwa kuinyanyua kwa mkono mmoja dukani, achukue mizani ya kuning'iniza ile ya kupimia mizigo ya safari apime. Mitumba ya Kijapani yenye kikapu mbele watu wanadhani nyepesi kwa sababu ni nyembamba, nyingi ni chuma na zinafika kilo 18 mpaka 20, utakuwa umetoka kilo 22 umekwenda 19 na pesa imekwenda. Zile za matairi manene zenye shokapu mbele, za bei ndogo, zinafika 15 mpaka 17, na hiyo shokapu ndo uzito wenyewe, tena kwa chumvi yetu inaganda baada ya muda ikabaki kuwa chuma cha kubeba bure. Anayotakiwa atafute ni fremu la aluminiamu la kushuka, uma wa mbele wa kawaida usio na shokapu, usukani wa kuinuka ili mgongo usilale na viganja visife ganzi, na akipata yenye gia 3 za ndani ya haba, kile kitovu cha gurudumu la nyuma, basi kaokota dhahabu, kwa sababu zile gia zimefungiwa ndani, hazioni mchanga wala chumvi, unabadilisha hata ukiwa umesimama, na gia ya kwanza inapunguza nguvu kwa zaidi ya robo. Ya namna hiyo kilo 14 au 15 ni nzuri tu. Asihangaike kutafuta 10.

Fremu la kaboni asiguse. Ni nyepesi kweli lakini ya mtumba huwezi kujua imepata kishindo gani ndani, inaweza kuwa na ufa usioonekana, ikikatika inakatika ghafla, na huku kwetu kuiunga ni mtihani. Hata aluminiamu ajue kuwa mchomeaji wa kawaida wa mageti haiungi, inataka mashine yake na mtu anayeijua, kwa hivyo akague fremu polepole kwenye maungio yote, chini ya paipu ya siti na pale usukani unapoingia, akiona ufa mwembamba kama unywele kwenye rangi aiache. Avute paipu ya siti aone inatoka. Kama haitoki, chuma na aluminiamu vimeshaoana kwa chumvi na siti hiyo itabaki urefu huo huo, na wewe urefu wa siti ndo dawa yako. Ikishafika kwako itoe, ipake grisi, irudishe, na ufanye hivo kila baada ya miezi michache.

Na namba ya tairi, hapa wengi wanaumia. Matairi yako ya Phoenix yameandikwa 28 x 1½, na ndogo pembeni 635. Baskeli za Ulaya nazo wanaziita 28 lakini namba ndogo ni 622, na tairi la moja haliingii rimu ya nyengine. Vivyo hivyo 26: ya Kijapani ya kikapu ni 26 x 1⅜, namba 590, na ile ya tairi nene ni 559. Zote muuzaji atakwambia ishirini na sita. Mwanao asome namba ndogo ya tarakimu tatu, akupigie, wewe uende madukani hapo Wete na Chake Chake uulize kama tairi na tyubu za namba hiyo zipo, kabla hajalipa. Baskeli nyepesi isiyo na tairi Pemba itakulalia ukumbini, na kila pancha kubwa utasubiri meli.

Za umeme umeniuliza? Hukuuliza, lakini najua watakwambia. Zinasaidia sana vilima, goti linapumzika, lakini nyingi zina kilo 20 na kuendelea, kwa mtu wa ghorofani umerudi pale pale. Ungekuwa na pa kuilaza chini na betri inatoka ukapanda nayo mkononi, ningekwambia ifikirie. Betri hiyo usiichaji chumba cha kulala wala mlangoni pa kutokea.

Sasa Mama, mwambie namheshimu na hofu yake naielewa, lakini kuacha baskeli si dawa. Goti lenye baridi yabisi linaharibika zaidi likikaa. Gegedu ile laini ya ndani haina mishipa ya damu, inapata chakula chake kwa kukamuliwa na kuachiwa wakati goti linakwenda, na misuli ya paja ndo inayolibeba goti, ukikaa miezi miwili kwenye kiti misuli inapungua na maumivu yanaongezeka. Baskeli ni katika mazoezi tunayowapa wagonjwa wa magoti kwa makusudi. Ela asubuhi usitoke na goti baridi. Kabla ya kutoka kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja mpaka unyooke, ushikilie kwa kuhesabu mpaka 5, shusha polepole, mara 10 kila mguu. Kisha inuka na ukae kwenye kiti cha kawaida bila kujivuta kwa mikono, mara 8 au 10, kama kinauma tia mto kiwe juu. Fanya hivo kila siku na baada ya wiki 6 utaona tofauti kwenye ngazi na kwenye sala. Na kwa sasa, kama kuinuka kutoka attahiyatu kunauma sana, sali kwenye kiti, dini imetupa wepesi huo.

Dawa. Sijui kama unatumia, lakini wengi wa umri wako wanajinunulia diklofenaki au ibuprofeni dukani wanazimeza kila wakitoka shamba. Kwa mzee, khasa mwenye presha, kisukari au vidonda vya tumbo, hizo dawa zikinywewa mfululizo zinaweza kuharibu figo na kutoboa tumbo likatoka damu bila ya maumivu makubwa. Usizizoee bila ya daktari. Ile ya kupaka juu ya goti ina madhara machache zaidi, uliza hiyo.

Na usingoje siti wala friwili kama goti limevimba likawa moto na jekundu, au linauma usiku umelala, au linakwama halikunjuki, au linalegea ghafla ukitembea, au una homa pamoja nalo. Hayo nenda spitali siku hiyo hiyo. Inaweza kuwa jongo, inaweza kuwa maambukizo, na hayatibiwi na fundi baskeli. Kama umewahi kuanguka kwenye hizo ngazi na hukusema, vile vile nenda wapige picha.

Kwa sasa nataka vitu vitatu kutoka kwako: hesabu meno ya mbele na ya friwili yako, piga picha ya pembeni umekaa kwenye siti kisigino kikiwa kwenye pedeli ya chini, na uniambie maumivu yanakuwa makali zaidi wakati gani, ukipanda kilima, ukishuka ngazi, au ukiwa umekaa muda mrefu. Ukinitumia hivo ntakwambia siti ipande kiasi gani na kama 22 inatosha au tutafute kubwa zaidi. Mwanao mwambie asubiri kidogo kulipa.